Roshani ya Tauno

Ni mimi niliyekuwa nikizigawa.
Saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni:
moja kwa kila aliyetandika kitanda,
mbili kwa aliyemeza vidonge bila kelele.
Pakiti zilikaa kabatini mwangu, chini ya kufuli,
rafu moja na sindano.
Tauno Hietala alikuwa wa kwanza kwenye foleni,
kiganja wazi, macho sakafuni.

Tulisema: mwacheni, maskini, ana nini kingine?
Tukaiita huruma.
Huruma yetu ilikuwa na rangi ya manjano,
nayo ilikaa kwenye vidole vyake viwili
miaka thelathini na mmoja.

Siku hizi anaishi peke yake, ghorofa ya tatu, Kajaani.
Kila Jumanne nagonga mlango
na theluji viatuni.
"Wagonjwa wetu hawauawi na sauti," Daktari Kerttu aliniambia,
"wanauawa na moyo na mapafu,
na sisi faili zetu zimejaa sauti tupu."

Neno alilileta mwenyewe, akikoroga kahawa.
"Nataka kuacha. Ila Bwana wa Ukutani hataki."
Bwana wa Ukutani namjua, ingawa hatujawahi kusalimiana.
Nikauliza: yeye huvuta ngapi kwa siku?
Tauno akafikiri. Kijiko kikasimama.
"Hajawahi kununua hata moja," akasema,
na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake yote yaliyobaki.

Haba na haba hujaza kibaba;
sisi chetu tulikuwa tunakimwaga.
Arobaini. Thelathini na tano.
Thelathini na tano tena.
Arobaini na mbili, wiki aliyozikwa dada yake.
Ishirini na nane.
Plasta ya nikotini begani, nyingine mfukoni,
na kwa ile sigara ya alfajiri, ngumu kuliko zote,
kisu na kiazi, ili mikono isikae bure.
Friji ikajaa viazi vilivyomenywa, vikielea majini.
Akanipa ndoo nzima niende nayo nyumbani.

Kisha ikafika sifuri, na Tauno akalala.
Alilala mchana, alilala mezani,
mate yakilowesha mto, ulimi mzito kama gunia.
Jirani akatikisa kichwa: si mnaona,
moshi ndio uliokuwa ukimsimamisha.
Nakiri: nilisimama mbele ya duka la kituo cha mafuta,
noti mkononi, nikitazama pakiti.

Damu ndiyo iliyotusuta.
Miaka yote moshi ulikuwa ukiifukuza dawa mwilini,
nasi tukiongeza, ukifukuza, tukiongeza.
Moshi ulipoondoka, dawa ikabaki nyumba nzima peke yake,
ikavunja vyombo.
Daktari Kerttu akapunguza dozi, akapima, akapunguza tena.
Kumbe tulikuwa tukiutibu moshi
na kumwandikia Tauno.

Mwezi wa tatu alivuta mbili.
Aliniambia kabla sijavua koti.
Nikaandika: mbili. Tukala viazi.

Jumanne iliyopita, digrii ishirini na mbili chini ya sifuri,
nilimwona kutoka uani, amesimama kwenye roshani,
na cheupe kinamtoka mdomoni, kirefu, cha kuringa.
Tumbo likanishuka.
Nilipanda ngazi bila kushika ukuta, nimeandaa maneno
ya upole, ya kitabuni, ya bure.
Akafungua mlango. Nikanusa, naona haya kusema, nikanusa kama mbwa.
Sabuni. Kahawa.

Akanishika mkono wa koti, akanitoa nje kwenye baridi.
"Tazama," akasema, akapuliza,
na pumzi ikasimama hewani, nyeupe, haina deni kwa mtu.
"Huu hawanipangii foleni."

Nikapuliza wangu.
Bwana wa Ukutani alikuwa akisema kitu, nadhani,
kwa maana Tauno aligeuka kidogo, akasikiliza,
akafunga mlango wa roshani nyuma yetu.